Majibu ya damu ya hepesi: Karatasi inasema nini, na haisemi nini

Karatasi ya majibu ina nembo ya maabara juu, jina la mgonjwa, umri wake, na chini yake mistari michache ya herufi na namba. Mstari mmoja umechapwa kwa wino mzito: HSV-2 IgG, 1.6. Pembeni kuna neno moja la Kiingereza linalomaanisha kuwa majibu ni chanya. Hakuna maelezo mengine.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 31 anayeishi Sakina, jijini Arusha. Ana mtoto mmoja, na mimba yake ya pili imeharibika ikiwa na wiki 10. Ameshauriwa apime kile kinachoitwa TORCH, kifurushi cha vipimo vya damu vinavyotafuta dalili za maambukizi kadhaa kwa mpigo, hepesi ikiwamo. Amelipa, amesubiri, amekabidhiwa bahasha. Akiwa ndani ya Hiace anafungua simu, anaandika neno hilo kwenye mtandao, na kabla hajafika nyumbani ameshajiuliza maswali matatu: mume wangu amelitoa wapi hili, ndilo lililoharibu mimba, na mtoto niliye naye yuko salama?

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini maswali yake ni ya kweli. Jambo ambalo simu haikumwambia ni kwamba namba aliyoishika mkononi, 1.6, iko katika eneo ambalo wataalamu wenyewe hawaliamini mpaka kipimo kirudiwe.

Kwanza jina lenyewe

Hepesi kwa Kiswahili cha kamusi huitwa tutuko. Mitaani watu husema malengelenge ya sehemu za siri, na ile ya mdomoni huitwa vidonda vya homa, kwa sababu mara nyingi hujitokeza mtu anapokuwa na homa au mafua. Wapo wanaoichanganya na mkanda wa jeshi. Huo ni ugonjwa mwingine. Mkanda wa jeshi husababishwa na virusi vya tetekuwanga vinavyoamka tena mwilini miaka mingi baadaye, na ingawa vinatoka katika ukoo mmoja na hepesi, havipimwi kwa kipimo hiki.

Virusi vya hepesi vinavyozungumzwa hapa ni vya aina mbili. HSV-1 ndiyo hasa ya mdomoni. Watu wengi huipata wakiwa watoto, kwa kubusiwa na mtu mwenye kidonda mdomoni au kwa kugusana na mate yake. HSV-2 huambukizwa zaidi kwa kujamiiana na hukaa sehemu za siri. Mpaka huo si wa chuma, maana HSV-1 nayo huweza kuambukiza sehemu za siri kupitia ngono ya mdomo.

Vyote viwili vikishaingia haviondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, vingine vikalala miaka na miaka, vingine vikaamka mara kwa mara na kutoa vidonda.

Ni vya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 walikuwa na HSV-1, sawa na 64 kati ya kila 100. Kwa HSV-2 walikadiriwa kuwa milioni 520 kati ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Afrika iko juu ya wastani kwa zote mbili, na kwa HSV-2 wanawake ni wengi kuliko wanaume, kwa sababu virusi hupita kirahisi zaidi kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke kuliko kinyume chake.

Jambo la kukumbuka ni kwamba wengi wa watu hao hawajui. Hawajawahi kuona lengelenge, au waliona muwasho wa siku mbili wakadhani ni fangasi au mchubuko wa nguo.

Damu hupimwa nini hasa

Kipimo cha damu cha hepesi hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza baada ya kukutana na virusi hivyo. Hii ndiyo sababu majibu huwa na utata. Askari hao huchukua muda kujitokeza, na baadhi yao hufanana na askari walioandaliwa kwa adui mwingine.

Karatasi nyingi huonyesha aina mbili za kingamwili, IgM na IgG.

IgM watu husomewa kama ishara ya maambukizi mapya. Kwa hepesi, maelezo hayo yanapotosha. IgM inaweza kupanda tena virusi vya zamani vinapoamka, na haitofautishi vizuri HSV-1 na HSV-2. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinaeleza wazi katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kwamba kipimo cha IgM kisitumike kwa hepesi. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa kuwa IgM yake imeonyesha maambukizi ya wiki chache zilizopita, na kwa sababu hiyo akaanza kuhesabu safari za mwenzake, amejenga kesi juu ya ushahidi ambao hautumiki.

IgG ndiyo yenye maana, lakini nayo ina masharti. La kwanza ni kujua imepima aina gani. Kuna vipimo vinavyotoa jibu moja tu la HSV 1 na 2 kwa pamoja. Katika bara ambalo watu wengi wamekutana na HSV-1 kabla ya kumaliza shule ya msingi, kipimo cha namna hiyo kitatoa majibu chanya kwa karibu kila anayepita mlangoni. Hakiwezi kusema lolote kuhusu sehemu za siri wala kuhusu ndoa. Aliyepewa jibu la namna hii ana haki ya kuuliza maabara kama kipimo chao kinatenganisha aina hizo mbili, na kama hakitenganishi, karatasi hiyo aiweke pembeni.

Hata kipimo kikitenganisha, IgG ya HSV-1 ikiwa chanya haisemi virusi viko wapi. Kwa watu wengi viko mdomoni, tangu utotoni.

Namba ndiyo yenye habari

Inabaki IgG ya HSV-2, ambayo ndiyo huvunja mioyo. Katika vipimo vinavyotumika sana, mashine hupima jinsi sampuli inavyong'aa ikilinganishwa na kiwango maalumu, kisha hutoa namba. Chini ya 0.9 huhesabiwa hasi. Kati ya 0.9 na 1.1 ni njia panda, si hasi wala si chanya. Juu ya 1.1 huandikwa chanya.

Kwa mujibu wa mwongozo huohuo wa CDC, chanya ya namba ndogo, chini ya 3.0, isichukuliwe kuwa ni jibu la mwisho. Ni lazima ithibitishwe kwa kipimo cha pili kinachofanya kazi kwa njia tofauti. Mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, nayo ilitoa tahadhari kwa maabara na madaktari kuwa vipimo vya damu vya HSV-2 vinaweza kutoa chanya ya uongo.

Kwa hiyo karatasi yenye neno tu, bila namba, haimsaidii mtu. Mwenye 1.6 na mwenye 9 wote wameandikiwa neno lilelile, wakati hali zao ni tofauti kabisa. Namba ipo kwenye mashine. Ni kuomba tu iandikwe.

Jirani zetu wana somo lao katika hili. Miaka ya 2000 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Rakai nchini Uganda na Kisumu nchini Kenya walichukua vipimo vilivyokuwa vikifanya vizuri Marekani na Ulaya, wakavilinganisha na kipimo cha rejea kwenye damu za watu wa hapa. Waligundua kuwa kimojawapo cha vile vinavyotumika sana kilitoa chanya za uongo nyingi zaidi kuliko kilivyofanya kwao. Uongo huo ulipungua pale waliposogeza mstari wa kuhesabu chanya kutoka 1.1 hadi zaidi ya 3. Tafsiri yake kwa msomaji wa Arusha ni kwamba tahadhari kuhusu namba ndogo inamhusu yeye zaidi kuliko inavyomhusu mtu wa Chicago.

Hesabu kidogo

Hapa inabidi kupiga hesabu, na ni hesabu ya darasa la sita tu. Namba zifuatazo ni za mfano.

Chukua watu 1,000 ambao 100 kati yao wana HSV-2. Tuseme kipimo kinawakamata 95 kati ya hao 100, na kinawasingizia watu 5 katika kila 100 ambao hawana. Watu wasio na virusi ni 900, kwa hiyo wanaosingiziwa ni 45. Jumla ya waliopewa karatasi ya chanya ni 140, na 45 kati yao hawana kitu. Ni karibu mtu mmoja katika kila watatu.

Sasa chukua mji ambao wenye HSV-2 ni 400 kati ya 1,000. Kipimo kilekile kitawakamata 380, na kitawasingizia 30 kati ya 600 waliobaki. Hapo mwenye karatasi ya uongo ni mmoja katika kila 14 hivi. Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Kanda ya kaskazini inafanana na mji upi? Utafiti uliofanywa kwa wanawake waliohudhuria kliniki mjini Moshi, kiasi cha kilomita 80 kutoka Arusha, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta kingamwili za HSV-2 kwa karibu wanawake 4 kati ya 10. Ukisimama hapo, utasema chanya nyingi za huku ni za kweli. Lakini rudi kwenye somo la Rakai na Kisumu. Kipimo kikiwasingizia watu 20 katika kila 100 badala ya 5, katika mji huohuo wenye wagonjwa 400 watasingiziwa 120, na karibu robo ya karatasi zote za chanya zitakuwa za uongo.

Jibu basi linategemea mtu. Mwenye namba kubwa, ambaye amewahi kupata vidonda vinavyokuja na kuondoka, au ambaye mwenzake ana hepesi inayojulikana, hana sababu kubwa ya kuitilia shaka karatasi yake. Mwenye 1.6 ambaye hajawahi kuona dalili yoyote ana kila sababu ya kusubiri kabla ya kuamini.

Hasi nayo si mwisho wa maneno. Kingamwili huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango cha kuonekana. Aliyepima siku 10 baada ya tukio linalomtia wasiwasi amepima mapema mno. Ushauri wa kawaida ni kurudia baada ya wiki 12. Wanaokumbuka kipindi cha dirisha katika upimaji wa VVU wataelewa mara moja.

Kwa nini VVU hupimwa mara mbili na hiki mara moja?

Mtanzania yeyote aliyepima VVU anajua utaratibu. Kipimo cha kwanza kikionyesha maambukizi, hakuna anayetangaziwa majibu papo hapo. Hufanyika kingine cha aina tofauti, na tangu mwaka 2019 WHO inashauri nchi zitumie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu kuwa ana virusi. Kuna ushauri nasaha kabla na baada. Utaratibu huo haukuja kwa bahati. Ulikuja kwa sababu kila mtu anajua jibu la uongo linaweza kumfanyia nini binadamu.

Hepesi haina utaratibu huo kwenye kaunta ya maabara. Mtu hulipa, hupewa bahasha, huondoka. Na kusema kweli, sababu moja ni kwamba kipimo hiki hakikukusudiwa kupimwa watu wote. Jopo la wataalamu linaloshauri serikali ya Marekani kuhusu uchunguzi wa afya lilipendekeza mwaka 2016, na likarudia mwaka 2023, kwamba watu wasio na dalili, wajawazito wakiwamo, wasipimwe damu ya hepesi kama jambo la kawaida, kwa kuwa madhara ya majibu ya uongo yanazidi faida. Hata kadi ya kliniki ya mjamzito hapa nchini, yenye nafasi ya VVU na kaswende, haina sehemu ya hepesi. Wapo wanaodhani huko ni kusahauliwa. Siyo.

Kipimo kinachothibitisha vizuri zaidi huitwa Western blot, na kinachotegemewa zaidi kwa hepesi hufanyika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Kwa familia ya Ngaramtoni au Usa River hicho si chaguo. Kinachowezekana ni hiki: kurudia kipimo baada ya wiki 12, ikiwezekana katika maabara inayotumia kipimo cha kampuni nyingine, na kulinganisha namba mbili. Namba iliyopanda wazi kutoka 1.6 hadi 5 inasema jambo. Iliyobaki palepale au kushuka inaelekea upande mwingine. Karatasi zote mbili zipelekwe kwa daktari, zisisomwe peke yake sebuleni.

Kama kuna kidonda, habari ni tofauti kabisa. Hapo damu si njia ya kwanza. Mtu aende kituo cha afya au hospitali akiwa bado na kidonda kibichi, siku moja au mbili za mwanzo, kabla hakijakauka. Daktari anaweza kuchukua majimaji kwa kijiti cha pamba ili virusi vyenyewe vitafutwe kwa kipimo cha PCR, mahali ambapo huduma hiyo ipo, na jibu lake huonyesha pia ni aina ipi. Pasipokuwepo, uchunguzi wa macho na historia ya mgonjwa humwezesha mtoa huduma kuanza tiba, huku akipima kaswende na VVU. Hilo la kaswende lisipuuzwe. Kidonda cha sehemu za siri kinaweza kuwa kaswende, ambayo inatibika kabisa kwa sindano na ambayo kwa mjamzito ni hatari zaidi kuliko hepesi ya zamani.

Wanaokwenda duka la dawa kununua mafuta ya kupaka na kusubiri kidonda kiishe ndipo wapime damu wanapoteza nafasi nzuri waliyokuwa nayo.

Swali la mume, au la mke

Rudi kwa yule mama wa Sakina. Hata kama namba yake ingekuwa 9 na kipimo cha pili kikathibitisha, bado karatasi isingejibu swali lake la kwanza. IgG haina tarehe. Maambukizi yanaweza kuwa ya mwaka jana au ya miaka 12 iliyopita, kabla wawili hao hawajafahamiana. Mwenye virusi anaweza kuwa yeye, akawa navyo tangu ujanani bila kujua. Anaweza kuwa mumewe, ambaye naye hajui.

Mume akipima na kukutwa hasi pia si ajabu. Wapo wanandoa walioishi pamoja miaka mingi, mmoja anavyo, mwingine hana. Virusi havipiti kila mara watu wanapokutana. Kwa hiyo majibu yanayotofautiana si ushahidi kwamba mmoja ametoka nje ya ndoa, na yanayofanana si ushahidi wa nani alimwambukiza nani.

Maneno ya kwanza nyumbani huamua mengi. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "umeniletea ugonjwa" na kusema "nimepata majibu ambayo bado hayajathibitishwa, naomba twende wote kwa daktari." Mwanamke mwenye mashaka kwamba habari hii itamletea kipigo anaweza kumwomba mtoa huduma amsaidie kuitoa wakiwa wote kituoni, kama inavyofanyika kwa majibu ya VVU. Hakuna kinachoharibika kwa kusubiri kipimo cha pili kabla ya kusema, ilimradi katika kipindi hicho watumie kondomu, na waache tendo kabisa kama kuna kidonda.

Ikithibitishwa, maisha hayajaisha. Acyclovir ni dawa ya siku nyingi na hupunguza muda na makali ya vidonda, hasa ikianzwa mapema. Anayesumbuliwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa ameze kila siku, na dawa ya jamii hiyo iitwayo valacyclovir ilionyesha katika utafiti wa mwaka 2004 kuwa inapunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kumwambukiza mwenza. Kondomu nayo hupunguza, ingawa haifuniki ngozi yote.

Jambo moja zito ni VVU. Mwenye HSV-2 ana uwezekano wa kupata VVU mara tatu hivi zaidi ya asiye nayo, akikutana na virusi hivyo. Utafiti uliofanyika kaskazini magharibi mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2008 ulijaribu kuwapa wanawake wenye HSV-2 acyclovir kila siku kuona kama ingewakinga. Haikuwakinga. Kondomu na kupima VVU kwa ratiba ndivyo vilivyobaki kwao.

Mimba na mtoto

Kuhusu mimba iliyoharibika, jibu linaweza kumpunguzia mama huyu mzigo. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutokana na kasoro za kromosomu za kijusi chenyewe, si maambukizi wala kosa la mzazi. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza ulishasema kwamba kifurushi cha TORCH hakina msaada katika kutafuta sababu ya mimba kuharibika mara kwa mara. Kingamwili za HSV-2 zilizokutwa baada ya mimba kutoka hazithibitishi kuwa ndizo zilizoiondoa.

Hatari ya kweli iko mahali pengine, na hapa wazazi wanapaswa kuwa macho. Mwanamke anayeambukizwa hepesi ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito hana muda wa kumpa mtoto kingamwili zake. Akijifungua kwa njia ya kawaida muda mfupi baadaye, uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni kati ya 30 na 50 katika kila 100. Kwa aliyekuwa nayo miaka mingi, kingamwili zilezile zilizomtisha kwenye karatasi humlinda mtoto, na uwezekano huwa chini ya mmoja katika kila 100 hivi.

Kwa hiyo mjamzito anayejua kuwa ana hepesi, au ambaye mume wake amewahi kupata vidonda, amweleze mkunga mapema. Huenda akapewa acyclovir kuanzia wiki ya 36. Akiwa na kidonda au dalili za kidonda kujitokeza siku ya uchungu, madaktari humfanyia upasuaji. Bila kidonda, anajifungua kawaida. Na kama mume anavyo na mke hana, miezi mitatu ya mwisho si ya kubahatisha.

Hepesi ya mtoto mchanga ni nadra. Makadirio ya dunia ni watoto 14,000 hivi kwa mwaka. Lakini inaua, na inayoacha uhai huweza kuacha ubongo umeharibika. Hujitokeza zaidi katika wiki nne za kwanza. Mtoto mwenye malengelenge kwenye ngozi, jicho au mdomo, anayekataa kunyonya, aliyelegea kupita kawaida, mwenye homa au baridi ya mwili, au anayestukastuka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Mwenye kuishi Nkoaranga asisubiri alfajiri ili ashuke mjini Mount Meru. Aanzie kwenye hospitali iliyo karibu, na wazazi wataje neno hepesi kama wanajua ipo katika familia, kwa sababu dalili nyingine zinafanana na za maambukizi ya kawaida ya damu.

Wapo watoto wachanga wanaoipata baada ya kuzaliwa, kwa kubusiwa. Shangazi au babu mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto mchanga wala asimtemee mate ya baraka, hata kama ni mila na hata kama atanuna. Mama mwenye kidonda mdomoni anawe mikono, avae barakoa, na aendelee kunyonyesha. Kunyonyesha hakukatazwi isipokuwa kwenye ziwa lenye kidonda, ambalo maziwa yake hukamuliwa na kumwagwa hadi lipone.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu mwenye homa, fizi nyekundu na vidonda vingi mdomoni mara nyingi amekutana na HSV-1 kwa mara ya kwanza. Hahitaji kipimo cha damu. Anahitaji dawa ya maumivu, vinywaji baridi kidogo kidogo na mtu wa kuangalia kama anakojoa vya kutosha. Asipokunywa kabisa, hospitali. Vidonda vya sehemu za siri kwa mtoto ni suala jingine. Wakati mwingine hutokana na mtoto kujigusa baada ya kushika mdomo wake wenye kidonda, wakati mwingine hutokana na kufanyiwa ukatili, na karatasi ya IgG haiwezi kutofautisha hayo mawili. Mzazi asimpeleke maabara kwanza. Ampeleke kwa daktari, vidonda vikiwa bado vipo, ili achunguzwe na sampuli ichukuliwe pale pale.